Mtaa Usioanika Magodoro

Mtaani kwetu hatuaniki magodoro nje. Mgeni akipita asubuhi baada ya mvua kubwa ataona nguo kwenye kamba, ataona mapazia, ataona hata viatu vimeegeshwa ukutani vikisubiri jua, lakini godoro hata moja hataliona. Godoro lililolowa kwetu hukaushwa ndani, limesimamishwa sebuleni, madirisha nusu wazi, jiko la mkaa limewekwa mbali kidogo lisije likaleta balaa jingine. Nilikua nikidhani hiyo ni adabu, kama kutoongea na chakula mdomoni. Niliwahi kumgombeza rafiki yangu wa shule kwa sababu godoro la mdogo wake lilikuwa uani kwao watu wote wanaliona. Nilimwambia kwao hawana haya. Masikini, mtoto alikuwa amekojoa tu.

Vitanda vyetu pia viko juu ya matofali. Kabati juu ya matofali, friji juu ya matofali. Ukiuliza utaambiwa ni kwa ajili ya kufagia vizuri, na kwa hiyo tuna sifa mjini kwamba sisi ni watu wasafi sana. Maji yakiingia ndani mpaka kwenye kifundo cha mguu tunasema kuna unyevu. Yakipanda kwenye muundi tunasema mwaka huu unyevu umezidi. Mafuriko ni neno la redioni, la watu wa kwingine, na tukilisikia tunawahurumia kwa dhati.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea chumba cha mbele nyumbani kwa mama yangu, sare za shule zaidi, na magauni ya wanawake wanaoleta kitambaa kidogo wakitaka nguo kubwa. Hao nawaambia ukweli kabla hawajakaa. Wanasema nina ulimi mkali, nami sijawahi kubisha. Baba alifariki nikiwa sekondari, tumebaki mama na mimi. Nyumba yetu ni ya mwisho mtaani na ndiyo iliyo chini kuliko zote, ukuta wake wa nyuma umepakana na uwanja mpana wa nyasi ambao hakuna aliyewahi kuujenga.

Bafuni kwetu, sakafuni, kuna tundu la kutolea maji lenye kifuniko cha chuma. Tundu lile lina sauti. Majirani wa juu wakimwaga beseni, au mvua ikianza kunyesha huko vilimani kabla haijafika kwetu, hewa hupanda kwenye bomba na kububujika. Hububujika taratibu, hunyamaza, hububujika tena, na mwishoni sauti huinuka kidogo, vile mtu anavyoinua sauti anapouliza swali. Najua ni hewa. Mafundi wawili wameniambia ni hewa. Lakini tangu nikiwa mtoto sijawahi kuoga nikiligeuzia mgongo tundu lile.

Mama yeye huliitikia. Anaacha alichoshika, anageuza uso kuelekea bafuni, anasema, "Naam," kwa upole ambao mimi mtoto wake niliye hai sijauona. Kisha anasubiri. Kisha anarudi kwenye shughuli zake kama mtu aliyekata simu. Wateja wangu wakimsikia hujifanya wanatafuta kitu mkobani.

Nilikuwa na kaka. Alifariki kabla sijazaliwa, kwa homa. Nikiwa mdogo niliuliza homa ya nini, nikaambiwa homa tu. Chumba cha nyuma kilikuwa chake na hakuna anayelala humo. Mlango wake umevimba, haufungi mpaka mwisho, hubaki wazi kiasi cha kupitisha mkono, na mama akipita pale hupunguza mwendo na kukanyaga polepole, kama kuna mtu amelala. Niseme tu: nilimwonea wivu kaka yule. Alikuwa hayupo, na bado ndiye aliyeitikiwa zaidi yangu.

Basi mwaka huu tangazo likabandikwa kwenye nguzo ya umeme. Kampuni ya ujenzi inaomba kibali cha kujenga maghorofa kwenye uwanja wa nyuma, nyumba za familia mia na kitu, na wenye maoni wafike shuleni Jumamosi asubuhi kuonana na afisa mipango miji. Mtaa mzima ukawa roho juu. Mwenyekiti akatuita barazani kwake.

Mwenyekiti wetu ni mzee sasa, lakini amekuwa mwenyekiti tangu nywele zake zikiwa nyeusi na hakuna aliyewahi kushindana naye. Alitugawia malalamiko kama watu wanavyogawana kazi kwenye msiba. Wewe utasema umeme, transfoma moja tu na ikifika jioni taa zinafifia. Wewe utasema maji ya bomba, yanatoka kwa zamu, na zamu yenyewe hayafiki. Mama Pacha, jirani yetu wa ukutani, akapewa shule, kwamba watoto wamejaa mpaka wengine wanakaa sakafuni. Mwingine akapewa maji taka. Mwingine kivuli, maana maghorofa yatatuzibia jua. Kinyozi alisema yeye hana malalamiko, vichwa mia tano vipya haviwezi kumuudhi, tukacheka, Mwenyekiti naye akacheka, na kinyozi akapewa msongamano wa magari.

Nilikuwa nimekaa pembeni napinda upindo wa sketi. Nikauliza, "Na maji ya mvua nani atasema?"

Walionigeukia ni wakubwa tu, wale wa umri wa mama. Vijana wenzangu waliendelea na simu zao.

"Maji gani, mwanangu?" Mwenyekiti akauliza.

"Haya yanayotulaza juu ya matofali. Ule uwanja ndio unaoyameza. Wakijaza kifusi pale yataenda wapi kama si chumbani kwangu?"

"Ule ni unyevu."

"Mwenyekiti, mwaka juzi unyevu ulibeba ndala zangu mpaka kwa kinyozi."

Vijana wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alinitazama kwa muda, na nilichokiona machoni mwake hakikuwa hasira, kilikuwa woga, nami sikuwahi kumwona mzee yule akiogopa kitu. "Hilo tuliache," alisema. "Nakuomba."

Mama Pacha alinisindikiza. Mapacha wake walishaoa siku nyingi na yeye amebaki na jina. Hatukufika mbali akanishika kiwiko.

"Wewe hukuwa umezaliwa," alisema. "Yalikuja maji. Si haya ya siku hizi, yale yalikuwa maji. Yalipoondoka tukasikia watu wa manispaa wanapita mitaa ya bondeni wanapiga alama nyekundu milangoni. Ukipigwa alama, linakuja tingatinga. Mtaa wa pili uliondoka wote, watu na vyombo vyao barabarani. Sisi tukakaa tukakubaliana. Tukapiga plasta mpya mchana kutwa, tukapaka chokaa juu ya ile mistari ya tope, magodoro tukayaingiza ndani. Walipofika tukawaambia hapa hayakuingia. Kila mlango waliogonga, jibu lile lile."

"Kumbe mlikuwa wajanja."

"Tulikuwa wajanja." Akaachia kiwiko changu. "Ila kwenu kulikuwa na msiba."

"Kaka yangu alikufa kwa homa."

Mama Pacha akajitanda mtandio wake vizuri, ingawa haukuwa umeteleza. "Kamuulize mama yako," alisema. "Mimi niliapa, na kiapo chenyewe kimenichosha."

Nilimkuta mama chumbani kwake anakunja nguo. Jua la alasiri lilikuwa limeingia mpaka kitandani. Damu ilikuwa inanichemka na sikutafuta maneno mazuri. Nilimuuliza kaka alikufa na nini.

Hakushtuka. Alimaliza kukunja shati aliloshika, akaliweka juu ya mengine, akalilainisha kwa kiganja.

"Ni nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana nakuuliza."

"Maji," alisema mama. Akakaa. "Yalikuja asubuhi watu wameshaamka. Baba yako alikuwa kazini. Nilikuwa na yeye hapo ukumbini, nimemshika. Mlango wa nyuma ukafunguka, ukafunguka wenyewe kwa nguvu ya maji, na mimi nikamwachia mkono nikaushike mlango. Mkono mmoja tu. Niliona kama mlango ndio wenye hatari."

Nilishika fremu ya mlango.

"Tulimpata mchana, huko nje, kwenye kona ya ukuta wa nyuma, pale chini kabisa. Tulikuwa hatujamzika, watu wa alama nyekundu wakawa wamefika mtaa wa pili. Mwenyekiti alikuja akapiga magoti hapo ulipo. Kijana kabisa, mke wake mjamzito. Akasema, mama, wakisikia kuna mtoto amekufa maji hapa, hakuna nyumba itakayosimama. Nikasema basi ni homa. Sikuona tofauti. Alikuwa amekufa, yakiitwa maji, ikiitwa homa, angerudi?"

Huko bafuni tundu likabubujika. Mama akainua uso. "Naam," akasema.

"Mama, ile ni hewa."

"Najua ni hewa," alisema, kwa ukali kidogo. "Mimi si mwendawazimu. Lakini tangu nilipotamka homa, hewa haikunyamaza. Hanisumbui. Hanidai kitu. Anauliza tu."

"Anauliza nini?"

"Anauliza alikufa na nini."

Nywele zilinisimama, jua linawaka, shuka jeupe mbele yangu. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kutoka mbio, nikabaki nimeshika fremu ya mlango. Niliposema, nilisema kitu ambacho hata sikujua kama nakitaka. Nilimwambia aje Jumamosi akaseme. Aseme mara moja, mbele ya watu, liishe.

"Wakija kubomoa?" aliuliza. "Nyumba hii ndiyo ya kwanza. Wewe utashonea wapi? Haya, utapata pa kushonea. Na yeye? Mimi nikiondoka hapa, akiuliza ataitikiwa na nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama hakuwahi kulala kwa dada yake hata siku moja, kwa nini harusi na misiba ya watu alienda na kurudi kabla jua halijazama. Hakuwa akilinda nyumba. Nikamwambia asije. Nikamwambia nitaenda mimi, nitalalamikia umeme kama wengine, na yeye abaki. Alirudi kwenye nguo zake.

Jumamosi tulijazana kwenye darasa la watoto wadogo, magoti yamegusa videvu kwenye yale madawati yao. Ubaoni walikuwa wamebandika ramani kubwa yenye rangi, maghorofa ya njano, miti ya kijani ambayo haipo, na sisi tukiwa vijisanduku vya kijivu pembeni. Afisa mipango alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, mwenye kusikiliza. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. Mama alikuwa amekaa karibu na mlango. Nilipotoka nyumbani nilimwacha jikoni, alitufuata kimyakimya, na niliogopa hata kugeuka kumtazama.

Watu wakasema yao kama walivyogawiwa. Umeme: afisa akajibu italetwa transfoma mpya. Maji ya bomba: kampuni itachimba kisima na kujenga tangi. Maji taka: bomba la maghorofa litaunganishwa na letu, na mtu mmoja nyuma akasema asante sana kwa zawadi. Kinyozi akasema magari kwa huzuni ya mtu aliyekaririshwa. Mama Pacha akasimama akasema shule.

"Hilo tumelifikiria," afisa akasema, na akaonekana amefurahi kweli kuwa na jibu zuri. "Wengi wenu mliliandika kwenye maoni ya mwanzo. Kampuni imekubali kujenga chekechea, tena upande wenu, ili watoto wasitembee mbali. Itakuwa kwenye kona hii ya chini, nyuma ya nyumba ya mwisho."

Akaweka kidole kwenye ramani. Kilikuwa kijumba kidogo cha rangi ya waridi, kimebanwa kati ya ukuta wetu na mteremko.

"Maghorofa yatainuliwa juu ya kifusi, karibu usawa wa madirisha yenu," aliendelea. "Chekechea itabaki chini kama ardhi ilivyo, wadogo wasipande ngazi. Mfereji uliopo utatosha, kwa sababu eneo hili halina historia ya maji. Mliwahi kuulizwa zamani na mkathibitisha wenyewe. Lakini ni haki yenu kuulizwa tena, kwa hiyo nauliza. Mvua kubwa zikinyesha, maji huwa yanaingia?"

Darasa likawa kimya. Unajua, kuna kimya cha watu wasiojua na kuna kimya cha watu wanaojua, na hiki cha pili kina joto. Mama Pacha alikuwa bado amesimama, ametazama ile rangi ya waridi, mdomo umeachama kidogo. Ni yeye aliyeomba shule. Wakubwa wote walikuwa wameinamisha macho kwenye madawati, na nikaona jinsi walivyofanana, kama watoto wa mzee mmoja.

Mwenyekiti akanyanyuka. Alishika dawati kwa mikono miwili. "Hapa ni pakavu, bibi afisa," alisema. Sauti yake haikufika nyuma. "Tangu zamani."

Nilikuwa na ulimi, si ndiyo sifa yangu? Ulikauka. Nilikuwa nawaza cherehani yangu, nawaza mama na begi barabarani, nawaza bafu lile limevunjwa tundu liko wazi juani linauliza na hakuna wa kuitikia. Nilijichukia, na nikabaki nimekaa.

"Si kweli," mama akasema kutoka mlangoni.

Hakuinua sauti. Alipita katikati ya madawati, watu wakivuta miguu kumpisha, mpaka akafika mbele, akasimama ubavuni mwa ramani. Mwenyekiti alisema, "Dada yangu," na hilo tu, kama mtu anayeomba na anayeaga kwa pamoja. Mama alimtazama bila chuki.

"Ulikuwa kijana," alimwambia. "Mkeo alikuwa mjamzito. Sikulaumu. Lakini kona ile ndiko tulikompata, na wewe ndiye uliyemtoa majini."

Mwenyekiti akakaa. Alifunika uso kwa mikono, na mabega yake yakaanza kutikisika mbele ya watu wote aliowaongoza.

"Mwanangu hakufa kwa homa," mama akamwambia afisa. "Nilisema homa. Alikufa maji, yalimchukua ndani ya nyumba yangu, nimesimama naye ukumbini. Andika hivyo."

Afisa alikuwa ameshika kalamu lakini hakuandika. Akasema taratibu, "Mama, pole sana. Lakini nisikufiche. Nikiandika hivi lazima eneo lote lipimwe upya, na nyumba zilizo chini..."

"Ya chini ni yangu. Najua. Andika."

Nyuma mtu alianza kusema neno, Mama Pacha akamgeukia, naye akaliacha.

"Basi nahitaji kujua yalifika wapi," afisa akasema. "Ndani, pale mliposimama. Kwa makadirio tu. Kina kilikuwa kiasi gani?"

Mama alifikiri. Kisha akainua mkono wa kulia, kiganja kimelala, akauweka kifuani kwake, chini kidogo ya shingo.

"Maji yalikuwa hapa," alisema.

Halafu akashusha mkono wa kushoto mpaka karibu na nyonga, akaupindisha vidole kidogo, vile mtu anavyogusa utosi wa mtoto aliyesimama kando yake.

"Yeye alikuwa hapa."

Alisimama hivyo, mkono mmoja kifuani na mmoja nyongani, na darasa zima likawa linatazama nafasi iliyokuwa katikati. Hakuna aliyehitaji ramani. Nikasikia kinyozi analia. Kalamu ya afisa ikaanza kuandika, na mama bado hakushusha mikono, nadhani alikuwa amesahau kuwa inaweza kushuka. Nilitoka kwenye dawati, nikagonga goti, nikaenda mbele. Niliushika mkono ule wa juu, nikaushusha, ukaja bila ubishi. Nilipougusa wa chini, akanizuia.